Magadi na Safari za Anga

Rhotia ni kata ya wilaya ya Karatu, kando ya barabara ipandayo kutoka Mto wa Mbu kwenda lango la Ngorongoro. Msafiri huifikia akisha kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuliacha Ziwa Manyara likimeta chini nyuma yake. Ardhi yake ni nyekundu; wakulima wake wengi ni Wairaqw, na mashamba yao ya mahindi, maharage, ngano na mbaazi hushuka na kupanda pamoja na vilima. Upande wa magharibi na wa kaskazini imesimama milima ambayo yote ni mizaliwa ya moto: Oldeani, Lemagrut, Ngorongoro yenyewe, Olmoti, Empakai, na mbali zaidi Oldonyo Lengai, ambao moto wake haujazimika hata leo. Kutoka Rhotia hadi Lengai, kwa mstari ulionyoka, ni kilomita 60 hivi.

Mpishi wa maharage katika nyanda hizo hutia punje ya magadi chunguni ili yaive upesi na kuni zisiishe bure. Magadi ni chumvi ya maziwa ya Bonde la Ufa, na Ziwa Natron, lililo miguuni pa Lengai, ni ghala yake kubwa. Mwezi wa Januari 2025 wataalamu waliokuwa wakichunguza vumbi lililoletwa kutoka Bennu, jiwe la anga lizungukalo jua, walitangaza kwamba miongoni mwa chumvi zilizomo wameikuta trona. Na trona, katika lugha ya wajuzi wa mawe, ndiyo magadi ghafi. Ilikuwa haijapata kuonekana kabla ya hapo katika kitu chochote kilichotoka nje ya dunia.

Habari hiyo haikuzaliwa peke yake. Inao ndugu zake wakubwa katika pwani ya Afrika Mashariki, na asiyewajua hao hawezi kueleza jinsi nchi ambayo haijarusha roketi hata moja kwenda kwenye nyota ilivyopata fungu katika historia ya anga, wala fungu hilo lilipatikana kwa masharti gani.

Mwanzo wa historia yenyewe wajulikana na kila mwanafunzi. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia mara moja katika muda wa dakika 108. Wamarekani, walioachwa nyuma, walikuwa na mradi wao wa kumpeleka mtu angani ulioitwa Mercury, na mradi huo ulikuwa na shida ambayo Warusi na Wamarekani waliihisi sawasawa: dunia ni mviringo. Mawimbi ya redio ya chombo kiendacho kilomita mia mbili hivi juu ya ardhi hayapindi kufuata mviringo huo. Chombo hutokea upeo wa macho upande mmoja, hupita, na baada ya dakika chache huzama upande wa pili, kikaacha ukimya. Kwa hiyo Wamarekani walihitaji masikio yaliyotawanyika duniani kote, kila moja lipokee sauti ya msafiri pale lililotangulia lilipoipoteza. Walijenga vituo 18, viwili kati yake juu ya meli. Mnyororo huo uliikata Afrika kutoka Kano, Nigeria, hadi kisiwa cha Unguja. Baada ya Unguja ilikuwa Bahari ya Hindi, na meli, na kisha Australia.

Kituo cha Unguja kilijengwa Tunguu. Hakikurusha kitu. Kazi yake ilikuwa kupokea: maneno ya msafiri, mapigo ya moyo wake, hali ya hewa ndani ya chombo, nguvu ya umeme iliyobaki. Mapatano ya kukijenga yalifanywa mwaka 1960 baina ya Wamarekani na Waingereza, kwa kuwa Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Hilo ndilo jambo la kushikwa katika kisa hiki chote. Ardhi ilikuwa ya Waunguja, minazi iliyoizunguka ilikuwa ya Waunguja, na kalamu iliyotia sahihi ilikuwa ya mwingine.

Basi si ajabu kwamba kituo kilipata maadui tangu mwanzo. Wafuasi wa Hizbu na watu wa vyama vya wafanyakazi waliandamana wakikiita kituo cha makombora. Wamarekani walijibu kwamba ni cha elimu tupu, na kwa habari ya mitambo iliyokuwamo walisema kweli. Walakini wapinzani nao hawakuwa wajinga kama ilivyodaiwa na baadhi ya waandishi wa nje. Roketi ya Atlas, iliyompandisha John Glenn angani tarehe 20 Februari 1962, ilibuniwa kwanza kuwa kombora la kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Mtu aliyesimama Tunguu mwaka ule akauliza elimu hii ni ndugu wa nini, aliuliza swali la haki, na jibu aliloligundua mwenyewe halikuwa mbali sana na ukweli.

Glenn aliizunguka dunia mara tatu, akipita juu ya Kano na Unguja kabla ya kuliona jua likitua juu ya Bahari ya Hindi. Scott Carpenter alifuata Mei 1962, Walter Schirra Oktoba mwaka huohuo, na Gordon Cooper Mei 1963. Safari ya Cooper ina jambo ambalo lastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa. Wakati ule ule viongozi wa Afrika walikuwa wakikutania Addis Ababa kwa mkutano ambao tarehe 25 Mei ulizaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Cooper, akiwa zaidi ya maili 100 juu ya bara, alisema kwa redio kwamba anapita Zanzibar, kwamba dakika chache kabla alikuwa amepita Addis Ababa, akawatakia viongozi wale mafanikio na Afrika nzima heri. Salamu zilikuwa za adabu, na bila shaka zilipangwa na watu wa siasa. Hata hivyo zaonyesha hali ilivyokuwa: Mwafrika alisalimiwa kutoka juu, na kisiwa chake kilitajwa kama msafiri wa jahazi atajavyo kilele anachokitumia kujua njia.

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Wamarekani wengi waliondolewa kisiwani kwa manowari siku iliyofuata. Mwezi wa Aprili serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondolewe, na kikaondolewa. Kabla mwezi haujaisha, Zanzibar na Tanganyika zilikuwa zimeungana. Kazi ya Tunguu ilihamia Tananarive, Madagaska, nako huko kituo kilifungwa kwa amri ya serikali mwaka 1975. Wako wasemao kwamba Zanzibar ilijinyima elimu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama kituo kingalikuwa kimeiacha elimu hiyo kisiwani. Kituo chenye mitambo ya watu wengine, kilicholetwa kwa mkataba wa watu wengine, chaweza kuondoka katika muda wa wiki tatu bila kuacha pengo katika shule hata moja, na ndivyo ilivyokuwa.

Wakati Tunguu ilipokuwa ikifungwa, kazi nyingine ilikuwa imekwisha kuanza upande wa kaskazini wa pwani hiyohiyo, katika ghuba ya Ngwana karibu na Malindi. Huko hitaji halikuwa sikio bali ngazi. Mtaliana Luigi Broglio, profesa na afisa wa jeshi la anga, alitambua faida ya kurusha roketi karibu na Ikweta. Dunia huzunguka mhimili wake kuelekea mashariki, na mahali pa Ikweta mzunguko huo una kasi ya kilomita 1,670 kwa saa hivi. Roketi irushwayo huko kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure, kabla haijachoma tone la kwanza. Kwa roketi ndogo kama Scout zawadi hiyo ilikuwa kubwa. Broglio aliweka majukwaa ya chuma baharini, kama yale yatumikayo kuchimba mafuta, moja la kurushia likiitwa San Marco na jingine la kuongozea likiitwa Santa Rita. (Yafaa kutaja kwamba Rhotia na Ngwana ziko karibu katika latitudo moja, kama digrii 3 kusini ya Ikweta. Mkulima wa Rhotia anayelala usingizi huenda mashariki kwa kasi ileile aliyoifuata Broglio.)

Kati ya 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa hilo. Iliyo kuu kupita zote ilipanda tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Jina lilipendekezwa na Marjorie Townsend, Mmarekani aliyeuongoza mradi. Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, pungufu ya magunia mawili ya mahindi ya kawaida. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo miali ya eksirei, ambayo haipenyi hewa ya dunia na kwa hiyo haiwezi kuonekana na mtu aliye chini, hata awe na darubini ya namna gani. Njia yake iliyoambaa Ikweta iliikinga na sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa na sumaku ya dunia, ambayo ingeyavuruga macho yake. Katika muda wa miaka miwili na miezi kadhaa Uhuru iliorodhesha machimbuko 339 ya miali hiyo. Miongoni mwa vitu ilivyovipima ni Cygnus X-1, ambacho mwanga wake hubadilika kwa haraka kupita kufumba na kufumbua; vipimo hivyo vilisaidia kuwashawishi wataalamu kwamba mashimo meusi, yaliyokuwa hesabu za karatasini, yako kweli mbinguni. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Katika vitabu vya falaki vya lugha zote neno uhuru limeandikwa kwa Kiswahili bila kutafsiriwa. Hilo ni jambo la fahari, na fahari hiyo isikanushwe. Lakini jina lilikuwa la Afrika Mashariki, bahari ilikuwa ya Afrika Mashariki, na elimu ilisomwa Cambridge ya Massachusetts. Ilichukua muda mrefu mno kabla Kenya haijaanza kukaa upande wa pili wa meza. Kwa msaada wa Wataliana na wa Japani, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata satelaiti ndogo iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Na tarehe 15 Aprili 2023 ikarushwa Taifa-1, kutoka California. Roketi zilizowapeleka Wakenya angani hazikupaa kutoka Ngwana, ambako ngazi ilikuwako tangu zamani.

Siku 3 baada ya Uhuru kupanda, yaani tarehe 15 Desemba 1970, chombo cha Warusi kiitwacho Venera 7 kilitua juu ya sayari ya Zuhura na kutuma ishara hafifu kwa dakika 23 hivi. Kilikuwa chombo cha kwanza kusema kutoka uso wa sayari nyingine. Hapana mtu awezaye kusimama pale; joto ni kama digrii 460, na hewa hukandamiza kama maji ya kina kirefu cha bahari. Tangu siku hiyo ilikuwa dhahiri kwamba safari za anga zitagawanyika: watu wataenda karibu, na roboti zitaenda mbali. Kati ya 1969 na 1972 watu 12 waliukanyaga Mwezi. Waliopeleka habari kutoka Zuhura, Mirihi na sayari za mbali wote walikuwa mashine.

Hapo ndipo nyanda za Ngorongoro zinapoingia, na huingia kwa mlango usiotazamiwa. Roboti huleta picha na tarakimu, lakini picha haijielezi. Kati ya 1990 na 1994 chombo cha Magellan kilipima uso wa Zuhura kwa rada kupitia mawingu yake mazito. Kilionyesha mifereji mirefu iliyopinda kama mito, na mmoja kati yake, Baltis Vallis, una urefu wa kilomita 6,800, zaidi ya Nile. Maji hayawezi kuwako huko. Volkeno za kawaida hutoa uji mzito ambao hupoa na kuganda kabla ya kufika mbali hivyo. Ni kitu gani basi kilichotiririka?

Mmoja wa majibu yaliyotolewa, mwaka 1994, ulitokana na Oldonyo Lengai. Mlima huo ndio volkeno hai ya pekee ijulikanayo duniani itoayo lava ya kaboneti yenye sodiamu, ambayo J. B. Dawson aliieleza baada ya kuiona kreta yake mwaka 1960. Joto lake ni kati ya digrii 500 na 600, nusu ya joto la lava nyingine. Mchana huonekana nyeusi kama matope, na hutiririka kwa wepesi unaokaribia ule wa maji. Kisha hunyonya unyevu wa hewa, na katika siku chache hugeuka kuwa nyeupe. Wataalamu walisema: kitu cha namna hii, juu ya uso wenye joto la Zuhura, kingeweza kwenda mbali sana kabla ya kuganda. Jambo hilo halijathibitishwa. Shirika la Ulaya la anga liliidhinisha mwezi wa Januari 2024 safari ya chombo EnVision kwenda Zuhura, kinachokusudiwa kurushwa baada ya 2030, na huenda kikaleta jibu. Lakini swali lenyewe lisingaliweza kuulizwa na mtu yeyote kama hapakuwa na watu waliopanda Lengai, kwa miguu, wakiongozwa na wenyeji wanaojua pa kukanyaga.

Majivu ya volkeno za milima hii yalifanya kazi nyingine kabla ya hapo. Huko Laetoli, magharibi ya Rhotia, majivu yenye kaboneti yaliyolowa mvua yaliganda kama saruji na kuzihifadhi nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita. Mary Leakey na wenzake walizifunua kuanzia 1978. Waandishi wa magazeti hupenda kuzilinganisha na nyayo za Neil Armstrong juu ya Mwezi, na mlinganisho huo umechoka kwa kutumiwa. Lenye faida zaidi ni lile lililotokea mwaka 2016: taarifa ya nyayo mpya za Laetoli ilitolewa na kikundi kilichoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Wataliana. Yaani mahali pamoja, katika muda wa miaka 40, Mtanzania alitoka katika kuchimba akafika katika kutia jina lake juu ya maana ya kilichochimbwa.

Rhotia yenyewe imekwisha kusomwa kutoka juu. Mwezi wa Februari 2000 chombo Endeavour, chenye watu sita na rada iliyoning'inizwa kwenye mlingoti wa mita 60, kilipima kwa siku 11 miinuko ya asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Kutokana na vipimo hivyo yalitengenezwa mandhari ya milima ya Ngorongoro, kila kreta na kila bonde, nayo husambazwa bila malipo. Makorongo yanayokula mashamba ya Karatu kila masika yaweza kufuatwa humo hatua kwa hatua. Walio na haja nayo kupita wote ndio wasioyaona, maana aghalabu maelezo yake hayapatikani katika lugha yao.

Magadi sasa yarudi. Mwaka 2015 roboti iitwayo Dawn ilifika Ceres, sayari ndogo iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii, na ndani ya kreta ya Occator, yenye upana wa kilomita 92 (Ngorongoro ina 19 hivi), ikaona madoa meupe yang'aayo. Yalikuwa sodiamu kaboneti iliyobaki baada ya maji ya chumvi kukauka. Kisha OSIRIS-REx, iliyorushwa Septemba 2016, iligusa Bennu tarehe 20 Oktoba 2020, ikachota mchanga, na tarehe 24 Septemba 2023 ikaudondosha katika jangwa la Utah. Ulipimwa, ukawa gramu 121.6. Wataalamu walipoziona chumvi zake walitambua mpango wake: zilikuwa zimetuama moja baada ya nyingine, kama zinavyotuama katika ziwa linalokauka, na trona ikiwamo. Maana yake ni kwamba jiwe mama la Bennu, miaka bilioni 4.5 iliyopita, lilikuwa na mifuko ya maji ya magadi, na katika maji ya namna hiyo chembe zitangulizi za uhai zaweza kukutana.

Walipotafuta mfano wa duniani wa kuwaeleza wasomaji, walilitaja Ziwa Searles la California, ambalo limekauka. Hawakukosea, mtu hutaja ziwa alijualo. Natron ni hai, magadi yake hutuama kila kiangazi mbele ya macho ya wachungaji, na rangi ya maji hubadilika kadiri chumvi izidivyo. Mwenye kuikaa miaka mitano kando yake na kuandika kila mwezi chumvi ipi imetangulia na ipi imefuata angekuwa na daftari ambalo wasomaji wa Bennu wangelihitaji.

Vumbi lenyewe halikugawiwa lote. Sehemu kubwa, isiyopungua asilimia 70, imewekwa akiba kwa ajili ya watafiti wa nchi zote, wakiwamo wale ambao hawajazaliwa. Orodha yake yaweza kusomwa na yeyote, na mtafiti wa chuo chochote aweza kuandika barua akaomba punje. Huko Houston punje hizo zimefungwa ndani ya naitrojeni, zikingoja maombi.